Bomba la hewa baridi linaongeza nini hasa?

Fungua boneti ya Subaru Impreza ya kijana wa Nairobi anayependa mwendo. Mara nyingi utakuta boksi jeusi la eya klina limeng'olewa, na mahali pake pamefungwa bomba la alumini linalong'aa, lenye kichujio chekundu cha umbo la pia. Muuzaji alimwambia kwamba hewa baridi ni nguvu. Hilo ni kweli. Hewa ikipoa hushikamana, silinda hupata oksijeni nyingi zaidi, na kompyuta ya gari huongeza petroli kulingana nayo. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni pungufu kwa takriban asilimia 9 ikilinganishwa na ya nyuzi 30.

Lakini gari lako linavuta hewa kutoka wapi sasa hivi? Fuata bomba la kiwandani kwa mkono. Kwenye magari mengi ya Kijapani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, mdomo wake umetazama mbele ya rejeta au umeingizwa ndani ya fenda. Hewa ya nje tayari inaingia. Kichujio kilichoachwa wazi kando ya injini ndicho kinachovuta joto, hasa kwenye foleni, na hapo mwenye gari amelipa pesa zake kununua hasara.

Dai la pili ni kwamba boksi la kiwandani linaibana injini. Hili linapimika kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule ambao waashi hupimia levo. Ukunje kama herufi U na utie maji. Ncha moja ichomekwe kwenye bomba, baada ya eya klina na kabla ya throto. Nyingine iachwe wazi. Mpira uwe mrefu, maji yasije yakavutwa hadi kwenye injini. Kisha, mahali salama pasipo na watu, dereva akanyage mafuta mpaka chini kwa gia ya pili huku mwenzake akitazama maji. Kila sentimita 10 za tofauti kati ya pande mbili ni takriban asilimia 1 ya shinikizo la hewa ya pwani. Ukisoma sentimita 20, basi boksi, kichujio na bomba vyote kwa pamoja vinazuia asilimia 2. Kwa injini ya nguvu farasi 100 isiyo na turbo, hata ukivitupa vyote unatarajia farasi wawili hivi, tena mguu ukiwa umezama mwisho. Ukiendesha kawaida, throto yenyewe imefungwa nusu au zaidi na inazuia hewa kuliko eya klina. Kwa hiyo ahadi ya kuokoa mafuta naikataa moja kwa moja.

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, shinikizo la hewa hupungua karibu moja ya tano. Hakuna bomba la kurudisha kiasi hicho.

Kinachobadilika kweli ni sauti, kwa sababu boksi la kiwandani limetengenezwa pia kuzima mvumo wa hewa. Anayeupenda mvumo huo aununue kwa jina lake, asidanganywe kwamba ni mwendo.

Gari lenye turbo kubwa na kompyuta iliyopangwa upya ni habari nyingine. Hilo huvuta hewa nyingi kuliko kipimo cha boksi la awali, na bomba pana lina kazi ya kufanya.

Kwa wengine wote, nahofia zaidi madhara. Kichujio cha pamba kikipakwa mafuta kupita kiasi, mafuta hufika kwenye sensa ya hewa na taa ya cheki injini huwaka. Bomba lililoshushwa hadi nyuma ya bampa hunyonya maji barabara ikifurika. Maji hayabanwi, na konrodi hupinda. Halafu kuna vumbi. Kama umeshafunga bomba, subiri wiki chache za barabara ya udongo, lifungue upande wa injini, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu, rudisha boksi lako siku hiyo hiyo.