MAPAMBO YALIYO NYAMA YA MTU

Siku hizi wako watu wa Marekani na Ulaya wapambao kuta za nyumba zao kwa picha zilizopigwa kwa hadubini, chombo kikuzacho vitu visivyoonekana kwa macho. Ukizitazama kwa mbali wadhani ni kanga au maua. Kumbe ni nyama ya mwanadamu. Je, twaonaje mapambo haya?

Kwanza twayasifu. Wazee husema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini mwili wetu si mkakasi, maana kadiri uuchunguzavyo ndani ndivyo uionavyo kazi ya Muumba. Ila msomaji ajue kwamba rangi zile si za mwili. Chembe nyingi karibu hazina rangi. Wataalamu huzitia dawa za rangi ili kupambanua sehemu zake.

Lakini liko la kulaumu. Miongoni mwa picha hizo zimo za chembe ziitwazo HeLa. Zilitolewa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, katika uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, mama wa watoto watano. Hakuombwa ruhusa. Alifariki mwaka uo huo, umri wake miaka 31; chembe zake zaongezeka hata leo, nazo zilisaidia kuijaribu chanjo ya polio. Jamaa zake walikaa miaka ishirini na zaidi wasijue. Basi atundikaye picha hiyo bila jina amemgeuza mtu kuwa nakshi.

Tuilinganishe na picha ya rangi aliyoichora Kadir Nelson, Mmarekani, mwaka 2017. Yeye amemchora Henrietta mwenyewe, amevaa kofia, ameshika Biblia. Maua ya gauni lake yafanana na chembe za mwili, na vifungo viwili havipo, ishara ya kile kilichotwaliwa. Hapo chembe zimerudishwa kwa mwenyewe, zimekuwa vazi lake. Kwa sababu hiyo twaihesabu kazi hii kuwa bora kuliko zile za hadubini, ijapokuwa zile zaonyesha chembe zenyewe.

Hatusemi zile zing'olewe ukutani. Twasema chini yake paandikwe ni nyama gani, rangi zimetiwaje, na kama mwenyewe aliombwa ruhusa. Asiyeweza kuyajibu hayo, na apambe nyumba yake kwa maua ya shambani.