Sataranji ya kasi ya vijana: hesabu ni nyepesi, kazi ni kuchagua namba

Mwaka 2020 Nihal Sarin, kijana wa miaka 16 kutoka Kerala, India, alimchapa Alexey Sarana wa Urusi 18-7 kwenye fainali ya mashindano ya vijana ya sataranji ya kasi ya Chess.com. Kwenye orodha ya alama za ubora ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kwa mchezo wa kawaida, ule wa saa nyingi mezani, Sarana ndiye aliyekuwa juu. Aliyetabiri kwa kutazama orodha hiyo peke yake alikosea vibaya, na kosa lake linafundisha mengi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Fomula ya Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, ambayo FIDE iliipokea mwaka 1970, inasema kwamba anayemzidi mpinzani wake kwa alama 100 atarajie kuvuna asilimia 64 ya pointi. Kwa mchezo mmoja hiyo si tofauti ya kutisha. Lakini fainali ile ilichukua saa tatu na kufika michezo 25. Asilimia 64 ya 25 ni pointi 16, na bahati huisogeza namba hiyo kwa pointi mbili na nusu hivi juu au chini. Ukiweka sare pembeni, mwenye alama 100 za ziada anashinda mechi nzima mara 93 kati ya 100. Urefu wa mechi humbeba aliye bora.

Mechi ikifupishwa, mnyonge anapata pumzi. Aprili 2020 Alireza Firouzja, naye akiwa na miaka 16, alimshinda Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, 8.5-7.5 katika fainali ya Banter Blitz Cup, michezo 16 ya dakika tatu tatu. Hata tukisema Carlsen alimzidi kwa alama 50, bado kijana angeshinda mechi kama hiyo takriban mara moja kati ya tano. Tukio la namna hiyo halihitaji muujiza.

Sasa turudi kwa Nihal. Pointi 18 kati ya 25 ni asilimia 72. Ukiigeuza fomula ya Elo, unapata kwamba siku ile alicheza kama mtu aliyemzidi mpinzani wake kwa alama 165 hivi. Zilitoka wapi? Mwaka 2020 korona ilifunga kumbi za mashindano, alama za FIDE zikabaki pale pale kwa miezi, huku vijana wakicheza mtandaoni usiku na mchana. Mtu mzima wa miaka 35 anaweza kukaa mwaka mzima bila kubadilika sana. Kijana wa miaka 16 habaki alivyokuwa. FIDE yenyewe inalijua hilo: kwa walio chini ya miaka 18 wenye alama chini ya 2300, kila matokeo huhesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi ili alama ziwahi kumfikia mwenyewe. Nihal alikuwa ameshavuka 2300 zamani, hivyo uzito huo haukumhusu tena.

Kwa hiyo alama za kutumia ni za mtandaoni, na hapo pia kuna mtego. Mechi ya Nihal na Sarana ilikuwa na sehemu tatu: dakika 90 za michezo ya dakika tano, dakika 60 za michezo ya dakika tatu, na dakika 30 za michezo ya dakika moja, zote zikiwa na nyongeza ya sekunde moja kwa kila hatua. Piga hesabu ya mchezo wa hatua 50, ukikumbuka kwamba kila mchezaji ana dakika zake: wa dakika tano huweza kula karibu dakika 12, wa dakika tatu karibu nane, wa dakika moja karibu nne. Kila sehemu, basi, hutoa michezo minane au tisa. Nusu saa ya mwisho ni sehemu ya sita tu ya muda, lakini inabeba theluthi ya pointi! Anayetabiri lazima aitafutie sehemu hiyo alama zake za pekee, kwa sababu mchezo wa dakika moja hutegemea sana kasi ya mkono kwenye kipanya na kupanga hatua kabla mpinzani hajacheza. Nihal anajulikana dunia nzima kwa kasi hiyo.

Jambo la mwisho ni shaka. Mfumo wa Glicko wa Mark Glickman, unaotumiwa na Chess.com, hauishii kwenye alama, bali hupima pia kiasi ambacho alama hizo zinaweza kuwa zimekosea. Kwa vijana ningeiongeza shaka hiyo kwa makusudi. Badala ya kuiambia kompyuta kwamba tofauti ni 100 kamili, iambie ni 100 lakini yaweza kupanda au kushuka kwa 80, kisha iicheze mechi mara elfu kumi. Ile 93 inashuka hadi karibu 84. Namba hii haina mbwembwe, lakini ndiyo ya kweli zaidi, na inamheshimu kijana ambaye huenda amekua tangu alipopimwa mara ya mwisho.

Mimi kwa mechi ya vijana siandiki zaidi ya asilimia 85, isipokuwa kama wamekutana mara nyingi miezi michache iliyopita na matokeo yao yananilazimisha.