Neno ‘mchango’ linavyomla mwandishi wa kujitegemea

Majuzi nilikuwa nyumbani Ganze, chini ya mwarobaini, simu imeinuliwa juu nikitafuta mtandao. Mjomba akaniuliza nahangaika na nini. Nikamwambia nimetuma mchango kwa jarida fulani na nangoja jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Pole, mwanangu. Msiba ni wa nani?”

Nilicheka, lakini mzee hakukosea. Huku kwetu mchango ni kile unachotoa kwa matanga, kwa harusi, kwa karo ya mtoto wa jirani. Anayechanga haulizi atarudishiwa nini, na akiuliza ataonekana hana adabu. Wahariri wetu walipohitaji neno la kazi inayotumwa na mtu asiye mwajiriwa, walitazama Kiingereza, ambako neno moja hubeba maana ya kutoa sadaka na pia ya kuandikia gazeti, wakalitafsiri kwa ile maana ya kwanza. Mwingereza akiitwa mchangiaji wa gazeti anaweza kungoja hundi. Mswahili akiitwa hivyo amekwisha kuwekwa katika daftari la wafadhili.

Nimesoma matangazo mengi ya majarida ya hadithi na mashairi, kwa kuwa kutafuta soko ndiyo kazi yangu ya pili baada ya kuandika. Msamiati ni ule ule: “tunakaribisha michango”, “jukwaa la vipaji chipukizi”, “fursa ya kusomwa”. Nomino tupu! Siku hizi natafuta kitenzi ‘kulipa’ na tarakimu kando yake. Vyote viwili vikikosekana, hilo si soko. Nenda Bamba siku ya mnada wa mifugo uone soko lilivyo. Mwenye mbuzi anamjua mnunuzi, anamjua dalali, na bei inatajwa mbuzi angali amesimama pale. Hakuna anayeambiwa, “Mwache tu, tutamtangaza.”

Nitakiri kwamba yapo majarida ambako ‘mchango’ ni neno la haki. Mhadhiri anayeandikia majarida ya kitaaluma kama Kiswahili au Mulika, yaliyochapishwa na TUKI pale Dar es Salaam, ana mshahara wake chuoni, na makala humsaidia kupanda cheo. Hata enzi za Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Nadhani hapo ndipo tulipozoea kudhani kwamba mwandishi wa Kiswahili hula kwingine. Mimi sina kwingine, labda mahindi, na Ganze mvua haina ahadi.

Istilahi ‘mwandishi wa kujitegemea’ nayo haina msaada mkubwa. Inasikika kama sifa, kana kwamba hatumhitaji mtu. Ningependa zaidi tuseme ‘kibarua wa kalamu’. Najua wengi watakunja uso, maana kibarua tunamwona mtu duni. Lakini neno lenyewe ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kwamba amefanya kazi na anadai. Kibarua ana hati mkononi. Je, mchangiaji ana nini?

Hata panapotajwa malipo, kuna mtego ambao sisi watu wa lugha tungeupigia kelele zamani. Majarida mengi ya kigeni hulipa kwa kila neno. Chukua ‘sikumwandikia’. Kwa Kiswahili ni neno moja. Mwingereza angehitaji matano au sita kusema jambo hilo hilo. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi mgongoni kama punda wa maji. Hadithi ile ile, jasho lile lile, na aliyeiandika kwa Kiswahili anaondoka na hela pungufu kwa sababu ya mofolojia. Mhariri akikupa bei ya neno, mwombe bei ya kazi nzima au ya ukurasa. Mimi nimeshaomba, na si wote waliokataa.

Jambo jingine ni tofauti ya ‘kutuma’ na ‘kuagizwa’, ambayo tunaichezea ovyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hadithi uliyojitungia mwenyewe ukaituma ni yako, na kuihamisha kunataka maandishi. Kwa hiyo mhariri akikupigia simu na kusema “tuandikie kitu”, hapo umeagizwa, hata kama kwa upole wake ameita mchango. Unaweza kuipoteza hadithi na usipate hata nauli ya kufika Kilifi.

Nitaambiwa kuna tuzo. Kweli, na ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014 ilitaja dola 15,000 waziwazi, jambo lililotutia moyo sana. Lakini tuzo ni ya wachache kwa mwaka, nayo hutaka muswada wa kitabu. Haiwezi kushika nafasi ya jarida linalonunua hadithi moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, hata kwa bei ndogo. Najua pia kwamba wahariri wengi wenyewe hawalipwi. Basi waseme hivyo katika mstari wa kwanza wa tangazo, ili anayetaka kuchanga achange akijua.

Jioni ile nilimwandikia mhariri wangu upya. Nilifuta ‘mchango’ nikaandika ‘muswada’, kisha nikauliza ujira ni kiasi gani na hulipwa lini, kazi ikikubaliwa au ikichapishwa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la heshima kabisa: kwa sasa hawalipi. Nimeuondoa muswada wangu na kuupeleka kwingine. Mjomba nimemwarifu kwamba hakuna aliyefariki.