Ua la Lakshmi na Kichwa cha Medusa

Wengi wetu tukisema kwamba pambo ni zuri, tuna maana kwamba ni la dhahabu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Nina vidani viwili hapa Kilosa vinavyonisaidia kueleza tofauti yake, na kimoja kati yake kiko hatarini kuyeyushwa.

Hicho ni cha marehemu mke wangu. Kilitengenezwa na sonara wa Kihindi katika mji huu mwaka 1968, kwa dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 dhahabu halisi kati ya 24. Kina ua moja tu la yungiyungi. Sonara yule alinieleza kwamba kwa wateja wa dini yake angemweka Lakshmi juu ya ua hilo. Lakshmi ni mungu wa kike wa mali na neema kwa Wahindu. Huchorwa ana mikono minne, sarafu za dhahabu zikimdondoka kiganjani, na siku ya Dhanteras, karibu na Diwali, watu hununua dhahabu kwa heshima yake. Kwa kuwa sisi ni Waislamu, alimwondoa mungu, akabakiza ua. Huo ndio uungwana wa fundi. Wala ua halikupungukiwa: kwa Wahindu yungiyungi huota topeni likabaki safi, na mtu yeyote aliyewahi kupita kando ya bwawa huielewa maana hiyo bila mwalimu. Petali ziligongwa kwa nyuma zikatuna, kisha mishipa yake ikachorwa mbele kwa tindo ndogo. Ukiligeuza jua, kivuli huingia ndani ya ua.

Kidani cha pili ni cha mjukuu wangu. Alikinunua Mikumi, pale mabasi ya barabara kuu yasimamapo. Ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kina kichwa cha Medusa. Mjukuu anataka yungiyungi la bibi yake liyeyushwe, atengenezewe Medusa wa dhahabu kweli.

Medusa hakuwa mungu. Katika hadithi za Wagiriki wa kale alikuwa mmoja wa ndugu watatu wa kike, nywele zake nyoka, na aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Perseus alimkata kichwa, nacho kikaishia kwenye ngao ya Athena, mungu wa kike wa hekima na vita. Wagiriki walikiweka kwenye ngao, majengo na mapambo ili kufukuza shari. Kwa lugha yetu, ni hirizi. Baadaye Gianni Versace, Mwitalia aliyeanzisha kampuni yake ya mavazi mwaka 1978, akakifanya chapa, na waigaji wakaisambaza dunia nzima.

Mjukuu ana hoja yake, nami naiheshimu. Asema anampenda Medusa kwa sababu ni mwanamke asiyetazamwa ovyo. Hoja nzuri! Ningempa alama za juu. Lakini kidani chenyewe hakisemi hivyo. Nyoka wamekuwa mawimbi ya nywele za saluni, macho yamesinzia, midomo inakaribia kutabasamu. Kimemiminwa kalibuni pamoja na maelfu ya wenzake, na kingo zake zimefifia kama sabuni iliyotumika. Hirizi hii haimtishi hata paka. Wagiriki wa zamani zaidi walimchora macho yamemtoka, meno nje, ulimi unaning'inia. Huyo ningemtetea mbele ya ukoo mzima.

Ndiyo, ukoo, maana sisi Wasagara, kama jirani zetu Wakaguru na Wavidunda, huhesabu ukoo kwa mama. Ua hili lilimpitia binti yangu kumfikia mwanawe, na litapita tena. Aidha, sonara akinunua dhahabu kuukuu hulipia uzito. Kazi ya mkono hailipii hata senti. Nimemshauri mjukuu anunue gramu zake chache, amtafute fundi wa tindo, amwonyeshe picha ya Medusa yule wa ulimi nje.

Ua lenyewe lina kasoro moja. Kipete cha kupitishia mkufu ni chembamba mno, na dhahabu ya karati 22 ni laini, hivyo kimelika karibu nusu. Sonara angekitengeneza kwa karati 18.