Kuku Wangu Wanaangalia Juu

Siku ya mnada, duka la dawa za mifugo hujaa watu kabla jua halijakolea. Nilikaa kwenye benchi la duka moja mkoani Singida tangu asubuhi hadi adhuhuri, daftari mapajani, nikiandika kila neno ambalo wateja walilitamka kabla muuzaji hajawasahihisha. Akija mtu akasema "nipe chanjo ya kideri", sikuandika kitu. Huyo anajua anachokitaka. Niliwangoja wasiojua.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, noti zake amezifunga fundo kwenye ncha ya kitenge.

"Shikamoo, mama," muuzaji alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wanalala tu. Tangu juzi."

"Wanakula?"

"Hawagusi kitu."

"Na kinyesi kikoje?"

"Kijani. Yupo mmoja shingo imempinda, akitaka kudonoa punje anadonoa hewa. Nipe dawa ya mafua."

Muuzaji alikaa kimya kidogo, maana jibu lilikuwa zito. Mimi nilikuwa nimeshaandika: wanalala tu, hawagusi kitu, kinyesi kijani, shingo imempinda, anadonoa hewa, dawa ya mafua. Mafungu sita ya maneno, na hakuna hata moja lililokuwamo katika ukurasa ambao rafiki yangu alikuwa ameuandika kwa ajili ya mama huyohuyo.

Rafiki yangu ni afisa mifugo mstaafu. Alipoacha kazi aliamua kuyaweka mtandaoni yote aliyoyajua kuhusu maradhi ya kuku, ili mfugaji aliye mbali na ofisi ya ugani apate msaada kwenye simu yake. Kila alichoandika kilikuwa sahihi. Ukurasa wake mkuu aliupa kichwa "Ugonjwa wa Newcastle: Visababishi, Dalili na Udhibiti". Newcastle ni mji wa Uingereza ambako ugonjwa huo, ambao wafugaji wetu huuita kideri, ulitambuliwa katika miaka ya 1920, na jina la mji likaganda. Kwa daktari wa mifugo jina hilo linatosha. Lakini mwenye banda la kuku kule Iramba, usiku, tochi mkononi na bando la siku likikaribia kwisha, atapita njia gani hadi afike Newcastle? Miezi ikapita, wageni wa tovuti wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mzee akanipigia simu kuniuliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikamjibu kwamba tovuti ni nzima, ila inaitika jina ambalo hakuna anayeliita.

Ndivyo nilivyofika kwenye lile benchi.

Wenye biashara za mtandaoni huiita kazi hii kutafuta maneno ya utafutaji, yaani kujua ni maneno gani mtu huyachapa kwenye kisanduku cha Google ili ukurasa wako umfikie. Wengi huizungumzia kama watu wanavyozungumzia chambo na ndoana, kana kwamba msomaji ni samaki. Nimeifanya kwa miaka kadhaa na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Sijaona fani nyingine ambayo fundi wake hulipwa ili ajue kutojua kunatamkwaje. Mwalimu anamjua mwanafunzi aliyekwisha kuingia darasani. Daktari anamjua mgonjwa aliyekwisha kufika zahanati. Sisi tunamshughulikia mtu ambaye bado yuko nje, hana jina la kitu anachokitafuta, ana maelezo tu na wasiwasi.

Tangu zamani mwenye maarifa ndiye aliyechagua mlango uwe wapi, na mtafutaji akatakiwa aukute. Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Anayetafuta "nyuso" inampasa kwanza ajue kwamba umoja wake ni "uso". Anayetafuta "wamekwisha" lazima avue viambishi kimoja kimoja mpaka abaki na kitenzi kitupu. Kamusi humsaidia yule ambaye tayari amekwenda nusu ya njia. Siilaumu, karatasi ina mipaka yake. Ila nimewahi kumwona mgeni anayejifunza Kiswahili akihangaika na "walimu" kwenye kurasa za herufi W, na ninakumbuka uso wake: uso wa mtu aliyesimama nje ya nyumba ambamo kitu chake kimo ndani.

Waliolijua hili mapema ni wapiga debe. Kuna kituo cha mabasi pale Sinza, Dar es Salaam, ambacho jina lake la kwenye ubao ni Mawasiliano. Anayetaka gari lijae huita "Simu 2000", kwa kuwa ndilo jina lililo kichwani mwa abiria. Mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis, kwenye stendi iliyozinduliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Rais Magufuli, mahali pamoja pakawa na majina mawili matatu, na makonda wakayaita yote. Humtazama abiria usoni, wakaona mzigo wake, wakaona anababaika, kisha wakamtajia jina analolijua. Sijapata somo la utafutaji lililo bora kuliko nusu saa ya kusimama karibu nao.

Mashine ilibidi ifundishwe kupima maneno. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti aliyefanya kazi Cambridge, alichapisha makala yenye wazo ambalo limo hadi leo katika mizizi ya mitambo ya utafutaji: neno linalopatikana katika maandiko machache lina uzito kuliko neno lililomo kila mahali. Katika maandiko elfu ya ufugaji wa kuku, neno "kuku" halitenganishi chochote. Ni sawa na kumtafuta mtu Kariakoo kwa kueleza kwamba amevaa shati. Ukisema "kinyesi kijani" kundi linapungua. Ukisema "anadonoa hewa" umeshamshika mkono.

Anayeanza kazi hii hulipenda neno fupi kwa sababu lina watu wengi, na mimi nilianza hivyohivyo. Lakini neno "kuku" huchapwa na anayetaka kupika, anayetaka kununua, anayetaka picha ya kumchorea mtoto. Wote hao ukiwaleta kwenye ukurasa wa maradhi wataondoka mara moja, na wana haki. Yule anayeandika "kuku wa wiki tatu wanakufa ghafla usiku" hana wenzake wengi, lakini ukiwa na jibu lake hatakwenda pengine. Mwaka 2004 Chris Anderson, mhariri wa jarida la Wired la Marekani, aliupa wingi wa vitu vidogovidogo kama hivi jina la mkia mrefu. Yeye alikuwa akieleza biashara ya vitabu na muziki. Mimi nimejifunza kuishi kwenye mkia huo na sitamani kichwa.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Mwaka 1980 Mwingereza Martin Porter alichapisha kanuni za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili mashine ione kwamba maneno yanayotofautiana mwishoni ni ndugu. Lugha yetu hujigeuza zaidi mwanzoni. Anakula, hawali, hajala, tule: mzizi wenyewe ni herufi moja, iliyofichwa katikati ya viambishi kama punje ndani ya mapumba. Nilipouandika upya ukurasa wa mzee, nilihakikisha kwamba mahali fulani kuku hali, mahali pengine hajala tangu jana, na kwingine amegoma kula. Kila umbo nililiweka pale ambapo msimulizi angelitumia bila kulazimishwa.

Tena Kiswahili ni kimoja lakini mabanda ni mengi. Kuna wanaosema kideri na kuna wanaosema mdondo, na wote wanazika kuku walewale. Tanzania kuku anaharisha. Kenya utasikia anaendesha. Huko Kenya neno "kienyeji" limehamia hata ndani ya sentensi za Kiingereza, kiasi kwamba mfugaji wa Nakuru anaweza kuchapa swali zima kwa Kiingereza na neno hilo moja likabaki kwa Kiswahili. Kuna mtu aliyeandika "kuku wangu wanakoloma". Sikulichukua kosa hilo nikaliweka kwenye ukurasa, kwa kuwa mtambo unajua kusamehe herufi moja. Lakini lilinionyesha kwamba neno la watu ni kukoroma, ilhali rafiki yangu alikuwa ameandika "athari katika mfumo wa upumuaji". Nilikaa na maneno hayo mawili muda mrefu. Yanasema kitu kilekile, na katikati yake kuna mto ambao mfugaji hawezi kuuvuka usiku akiwa peke yake.

Vyombo vya kazi ni vya kawaida na vingi havina malipo. Unachapa "kuku wangu" kwenye kisanduku, unaacha, unatazama Google inakukamilishiaje sentensi. Hayo yametokana na watu waliotafuta kabla yako. Unafungua orodha ya maneno yaliyowaleta wageni kwenye tovuti yako, na ile ya maneno ambayo kwayo ulionekana lakini hukubofywa. Hii ya pili ina thamani kubwa kuliko ya kwanza. Hata hivyo, vyombo hivyo hukuonyesha waliofika mpaka kwenye kisanduku na wakajua wachape nini. Kwa waliobaki inabidi ukae kwenye benchi.

Tulikaribia kugombana, mzee na mimi, juu ya neno moja: dawa. Watu wengi wanaotafuta habari za kideri huandika "dawa ya kideri". Kideri hakina dawa. Kikishaingia bandani kinaweza kufagia karibu kuku wote, na kinga yake ni chanjo, ile ya tone moja kwenye jicho iitwayo I-2, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Mzee alikataa katakata neno "dawa" liwe kwenye kichwa cha ukurasa. Alisema ameitumikia taaluma yake kwa uaminifu na hataki kuitwa mwongo uzeeni. Nilimwelewa, na hadi leo naamini msimamo wake ulikuwa wa heshima. Lakini nilimkumbusha yule mama na fundo lake la noti. Alikuja kutafuta kitu ambacho hakipo. Tusipolitaja neno lake, hatatufikia sisi. Atafikiwa na mwingine aliyekuwa tayari kulitaja, mwenye chupa ya kumuuzia. Mwenye kusema ukweli akiwa mbali na njia anamwachia tapeli barabara nzima.

Tulifikia mwafaka usiku sana. Kichwa tulichokubaliana kilisema: "Dawa ya kideri: kwa nini haipo, na chanjo gani itawakinga kuku waliobaki". Aya ya kwanza ilimwambia mfugaji awatenge wagonjwa, asiuze wala kugawa kuku kwa jirani, na amtafute mtaalamu wa mifugo aliye karibu. Nimeandika mengi maishani. Sijui kama nimewahi kuandika kichwa cha habari kilichonigharimu zaidi ya hicho.

Kuna wanaoichafua fani hii. Zamani walikuwa wakirundika neno moja mara mia kwenye ukurasa, au kuandika maneno meupe juu ya mandhari nyeupe ili mashine isome na mtu asione. Kulikuwa hata na mahali maalumu, ndani ya msimbo wa ukurasa, pa kuorodhesha maneno ya utafutaji. Watu wakapajaza uongo, na mwaka 2009 Google ikatangaza wazi kwamba haipatumii katika kupanga matokeo ya utafutaji. Sina la zaidi kuhusu watu hao. Anayemwita mtu kwa jina lake halafu asiwe na kitu cha kumpa amemwibia muda, na kwa mwenye bando dogo amemwibia pesa.

Wageni walianza kuja. Mwanzoni mmoja mmoja, kisha kiangazi kilipofika na kideri kikaanza kutembea, kwa makundi. Mzee alinunua daftari. Binti yake aliniambia kwamba sasa akienda harusini au msibani hukaa karibu na wafugaji na kuwauliza kuku wao hawajambo, kisha hawakatizi.

Google imesema kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku haujawahi kuonekana kabla. Ni kiasi kikubwa, na kila nikikikumbuka nafarijika, kwa kuwa kazi hii haiwezi kumalizika. Juzi, kwenye ile orodha ya maneno ambayo kwayo tulionekana lakini hatukubofywa, niliukuta mstari mmoja: "kuku wangu wanaangalia juu". Nilimpigia simu.

"Shikamoo, mzee. Kuku anayeangalia juu ana nini?"

"Marahaba. Hiyo ni shingo. Kideri kikifika kwenye mishipa ya fahamu humvuta hivyo. Ila hata akikosa vitamini B1 anaweza kufanya vivyo hivyo, tusimtishe mwenzetu kabla ya kujua kama wengine wanaharisha." Akanyamaza. "Ameandikaje, hasa? Nisomee alivyoandika yeye."

Nikamsomea tena yale maneno manne. Akaniambia nisikate simu, anafuata kalamu.