Kitendawili na Jibu Lake: Mchezo wa WandaVision na Makisio ya Watazamaji

Kitendawili kina sheria yake. Mtegaji hutega, wasikilizaji hukisia, na wakishindwa humpa mji. Naye akiisha kuupokea hana budi kutoa jibu. Jibu hilo ni moja, desturi imelikubali, na lazima lioane na maneno yaliyotegwa. Hadithi haifungwi na sharti kama hilo. Walakini hadithi inapotolewa kwa sehemu, wiki baada ya wiki, wasikilizaji hupata nafasi ya kuigeuza kitendawili, na hapo ndipo huzuka swali: je, mtungaji ana deni la kujibu kila jambo ambalo hadithi yake imelizusha?

Swali hili si geni. Charles Dickens alipofariki mwaka 1870 aliiacha hadithi yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood, ikiwa katikati, sehemu sita tu kati ya kumi na mbili zikiwa tayari. Na tangu hapo wasomaji hawakuacha kubishana juu ya nani aliyemwua Drood, na kama aliuawa kweli. Katika miaka ya karibuni mfano ulio wazi ni WandaVision, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani juu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, uliotungwa na Jac Schaeffer na kuongozwa na Matt Shakman. Sehemu zake tisa zilitolewa na Disney+ kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 5 Machi 2021, mbili za kwanza kwa siku moja, na zilizobaki moja kila Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Ijumaa watazamaji walikisia.

Yafaa kueleza kwa ufupi kilichokisiwa. Wanda Maximoff ni mwanamke mwenye nguvu za uchawi. Mpenzi wake, Vision, ni kiumbe cha kuundwa, na waliotazama filamu ya Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 walimwona akiuawa. Lakini hapa yu hai, na wawili hao wanaishi kama mume na mke katika mji mdogo wa Westview, jimbo la New Jersey, kwa namna ya michezo ya kuchekesha ya televisheni ya zamani. Sehemu mbili za kwanza hazina rangi, nazo zafuata mtindo wa miaka ya 1950 na 1960. Baadaye mchezo husogea mbele, muongo baada ya muongo. Nani aliyeufunga mji huu? Mbona wenyeji husema kama watu waliokaririshwa?

Haifai kusema kwamba kukisia kulikuwa utundu wa watazamaji. Katika sehemu ya nne Darcy Lewis, mtaalamu wa fizikia, na Jimmy Woo, mpelelezi wa serikali, wanakaa nje ya mji mbele ya televisheni, wanautazama mchezo uleule, na kuandika maswali yao ubaoni. Mtungaji amewatia watazamaji ndani ya hadithi na kuwapa kazi. Linalobaki kupimwa ni jinsi kazi hiyo ilivyofanywa.

Mara nyingine ilifanywa vizuri sana. Jirani wa Wanda huitwa Agnes. Waliovijua vitabu vya hadithi za picha walimkumbuka Agatha Harkness, mchawi aliyetokea vitabuni mara ya kwanza mwaka 1970 na ambaye baadaye humfundisha Wanda uchawi. Waliona kwamba mwanzo wa Agatha ukiunganishwa na silabi ya mwisho ya Harkness, jina la Agnes lapatikana. Sehemu ya saba ikathibitisha. Dalili ilikuwa ndani ya neno lenyewe, na jibu likaoana nayo.

Hali kadhalika matangazo ya biashara ya uongo yaliyotiwa katikati ya sehemu nyingi. Mashine ya kuchomea mkate ina jina la Stark, yaani mwenye kiwanda kilichotengeneza kombora lililovunja nyumba ya wazazi wa Wanda. Saa ya mkono ina jina la Strucker, mtu aliyemfanyia Wanda majaribio. Karatasi za kufutia, zinazosifiwa kwa uchafu ambao mtu hakukusudia kuumwaga, zinaitwa Lagos, na katika filamu ya mwaka 2016 ni katika mji huo wa Nigeria ambapo Wanda, akijaribu kuwaokoa watu, aliwaua wengine bila kukusudia. Watazamaji walioyapanga matangazo haya kwa taratibu waliusoma wasifu wa mtu aliyefiwa mara nyingi, kabla haujasimuliwa waziwazi katika sehemu ya nane. Huku ni kusoma kwa haki, maana dalili zilielekea ndani ya hadithi.

Kosa lilianza pale dalili zilipopelekwa nje. Tangu sehemu za kwanza ilienea imani kwamba nyuma ya mambo yote yuko Mephisto, ibilisi wa vitabu hivyo, aliyeanza kuonekana mwaka 1968. Imani hii haikukosa msingi. Vitabuni Wanda huzaa mapacha, na katika masimulizi ya mwaka 1989 hubainika kwamba roho zao ni vipande vya Mephisto. Katika mchezo nako mapacha wakazaliwa. Tena kulikuwa na mzaha juu ya Ibilisi, na mdudu ndani ya nyumba ya Agnes, na Ralph, mume ambaye Agnes humtaja kila mara na haonekani. Kila kitu kikawa alama ya mtu mmoja, hata asiyeonekana akahesabiwa kuwa yupo kwa sababu haonekani. Makisio yanapofika hapo hayawezi kukanushwa na jambo lolote, na kwa hiyo hayathibitishi lolote. Sehemu ya tisa ikamalizika, na Mephisto hakuja.

Lakini ubaya mkubwa wa kisio hili si kwamba lilikosea. Ni kwamba lingalikuwa kweli, hadithi ingalivunjika. Sehemu ya nane yaonyesha kwamba Wanda mwenyewe, akisimama juu ya kiwanja ambacho Vision alikinunua ili wazeeke pamoja, alipasuka kwa huzuni na kuutwaa mji wote pamoja na watu wake. Agatha alifika baadaye kuchunguza, na kuzidisha fitina. Hakuuanzisha uchawi ule. Kumtafuta Ibilisi, basi, ni kumtafutia Wanda wa kumbebea dhamana. Swali la hadithi lilikuwa gumu kuliko lile la watazamaji: mtu mwema, mwenye msiba wa kweli, aweza kuwadhulumu wengine kiasi gani naye akijiona yu nyumbani kwake kwa amani?

Mfano wa Dottie watosha kulieleza hili. Mwanamke huyu mwenye majivuno, kiongozi wa akina mama wa mtaa, alishukiwa na baadhi ya watazamaji kuwa ni adui aliyejificha. Uchawi unapomtoka katika sehemu ya tisa, yeye ni Sarah, mama anayemsihi Wanda amruhusu binti yake atoke chumbani, hata kama ni kwa kupewa nafasi ya kuigiza. Waliomtazama kwa kutafuta pembe hawakumwona mfungwa.

Hata hivyo haingekuwa haki kuwatwika watazamaji lawama yote. Mwishoni mwa sehemu ya tano mlango unagongwa, na anayeingia kama Pietro, ndugu wa Wanda aliyekufa katika filamu ya mwaka 2015, ni Evan Peters. Mwigizaji huyu ndiye aliyekuwa akimwigiza shujaa huyohuyo, tangu mwaka 2014, katika filamu za X-Men za kampuni nyingine, ilhali Pietro wa filamu ya 2015 aliigizwa na mtu mwingine. Watazamaji wakasema kwamba malimwengu mawili yameungana. Mwishowe ilionekana kwamba ni mwenyeji wa Westview tu, Ralph Bohner, ambaye jina lake la pili kwa Kiingereza ni mzaha wa kihuni. Yawezekana kujibu kwamba Wanda, kwa kiu ya ndugu, alimpokea mgeni; na hilo ni jibu zuri, lakini mchezo haukulikuza. Uchaguzi wa mwigizaji yule haukuwa na nguvu ila kwa mwenye kujua mambo ya nje. Na kumwita mtu kwa alama, kisha kumcheka kwa kuwa ameitikia, si adabu ya mtegaji.

Kuna kosa jingine, tena kubwa zaidi. Wanda anapoufungua mji, akiwapoteza Vision na watoto, wenyeji humtazama kwa chuki. Lakini Monica Rambeau anamfariji kwamba watu hawa hawatajua kamwe alichokitoa, kana kwamba mwenye deni ni wao. Hapo mtungaji amewasahau wafungwa kama watazamaji walivyowasahau, ingawa kwa njia nyingine.

Mwaka 2025 Mephisto alitokea hatimaye, akiigizwa na Sacha Baron Cohen, katika mfululizo wa Ironheart. Wako waliofurahi kama watu waliolipwa deni la zamani. Lakini jibu lililotolewa katika hadithi nyingine haliwi jibu la hii. Mtungaji ana deni la kujibu kile alichokitega mwenyewe, na msikilizaji ana deni la kusikiliza kilichotegwa. Katika kitendawili mji hutolewa kwa mchezo, wala hakuna anayeuhama. Westview ulitwaliwa na watu wake wakiwemo, na kwa wiki nyingi wao ndio walioulizwa habari chache kuliko wote.