Hadithi Dhaifu ni ya Wote

Anayenunua riwaya mbovu humlaumu mwandishi mmoja. Anayenunua mkusanyiko wa hadithi fupi, akafika ya tatu akaikuta imelegea, hasumbuki kutafuta nani kaandika ipi. Hukifunga kitabu, na wote waliomo hufungiwa humo, pamoja na yule wa hadithi ya tisa ambaye huenda ndiye fundi kuliko wenzake. Kikundi cha waandishi kikishakubaliana kutoa kitabu chake chenyewe, kimejitwisha mzigo ambao mwandishi wa peke yake haujui: hadithi dhaifu imekuwa ya wote.

Watunzi husifiwa, na wanastahili. Lakini kuusoma mswada wa mwenzio, ukaona unapochechemea, ukamweleza kwa namna itakayomrudisha kwenye kalamu badala ya kumkimbiza, ni kazi isiyo na tuzo wala jina kwenye jalada. Ndiyo ninayotaka kuisifu.

Mfano ninaourudia ni FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Kilizaliwa Kampala katikati ya miaka ya 1990, mwanzilishi wake akiwa Mary Karooro Okurut, aliyefundisha fasihi Makerere. Fasihi ya Uganda ilipotajwa enzi hizo, majina yaliyotangulia, kuanzia la Okot p'Bitek, yalikuwa ya wanaume. Mwanamke mwenye mswada alikuwa na milango michache ya kubisha. Wenyewe wakaamua kuwa mlango: chama kikawa mchapishaji. Mwaka 1998 kikatoka *A Woman's Voice*, mkusanyiko uliohaririwa na Okurut. Mwaka 2001 ukafuata *Words from a Granary*, mhariri akiwa Violet Barungi. Ni vitabu vya Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza vinamhusu nini.

Vinamhusu kwa ajili ya Jumatatu. Kila Jumatatu jioni wanachama hukutana kusomana. Mmoja huleta shairi au hadithi, wengine huichambua, na hata asiye mwanachama, hata mwanamume, hukaribishwa. Washairi wetu waliifanya kazi hiyo hiyo magazetini: aliyepeleka utungo wake *Mambo Leo*, gazeti lililoanza mwaka 1923, alijua kwamba malenga wengine wanamsoma na wanaweza kumjibu kwa beti zao. Tofauti ni kwamba mwenzako wa Jumatatu umekaa naye benchi moja, na kesho utakutana naye sokoni.

Hapo ndipo adabu zetu zinapotukwamisha. Tumelelewa kumwambia mtu hongera, kazi nzuri sana, kisha chai inamiminwa. Mezani pakiwa na mwalimu mstaafu na binti aliyemaliza chuo juzi, nani atamwambia mwalimu kwamba zile kurasa tatu za mwanzo, za jua kuchomoza na majogoo kuwika, zikiondoka hadithi itapona? Binti ndiye anayeliona. Kikundi kilichokomaa kimeshampa ruhusa ya kusema, naye amejifunza namna ya kusema: "Mwalimu, mimi hadithi ilinishika pale mama anapomuuza ng'ombe." Ameshamaliza. Mwalimu akifika nyumbani atajua pa kukatia.

Kazi ya mwandishi wakati huo ni kunyamaza, na sijui jambo gumu kuliko hilo. Utetezi unaosikika kuliko wote ni "Lakini hivi ndivyo ilivyotokea kweli." Huenda. Ila msomaji hakuwepo, na kitabu hakiwezi kumwitia mashahidi.

Kusomana kukizidi, nako kuna hatari yake. Watu wakichongana kwa muda mrefu huanza kufanana: sentensi zilezile fupi, mwisho uleule ulioachwa wazi, mpaka hadithi kumi zinasikika kana kwamba zimeandikwa na mtu mmoja mwenye majina kumi. Ndiyo maana siamini kikundi kinachoamua kila kitu kwa kura. Kura huchagua hadithi isiyomuudhi mtu, na hadithi ya namna hiyo mara nyingi haimkumbushi mtu chochote pia. Lazima awepo mhariri mmoja mwenye neno la mwisho, mwenye moyo wa kubakiza hadithi iliyogawa meza na kuirudisha iliyopigiwa makofi. Hapendwi sana. Wala asitegemee.

Kisha hadithi hupangwa. Kikundi kilichokaa pamoja mwaka mzima hugundua kwa mshangao kwamba kimeua watu wengi: miswada imejaa misiba. Mazishi mawili hayafuatani. Hadithi ndefu yenye uchungu huitaka fupi ya kuchekesha nyuma yake, ili msomaji apumue. Ya kwanza si lazima iwe bora kuliko zote. Iwe ile inayomfanya mtu aliyesimama dukani afungue ukurasa wa pili.

Mpiga chapa naye ana hesabu zake. Karatasi kubwa hukunjwa mara kwa mara ikawa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hutakiwa kwenda kwa kumi na sita-kumi na sita. Kikifika kurasa 164 kimevuka 160 kwa nne tu, na nne hizo zitakokota karatasi nzima ya kulipiwa. Hapo kila mtu hugundua aya aliyokuwa akiitetea kwa machozi na ambayo kumbe haikuhitajika.

Jina la kitabu ni ugomvi mwingine. Mkusanyiko wa Kiswahili hupenda kubeba jina la hadithi moja: *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*. Kwa mchapishaji ni busara ya biashara. Kwa kikundi kilichosomana mwaka mzima, huko kwenye "Nyingine" ndiko waliko watu wengi, na sijaona aliyependa kuishi huko.

FEMRITE walikwenda mbali zaidi. *Farming Ashes*, kilichotoka mwaka 2009, kimebeba simulizi za wanawake walionusurika vita vya kaskazini mwa Uganda. Aliyezoea kuipigania hadithi yake mezani sasa alitakiwa kuisikiliza ya mwingine na kuiandika bila kuipora. Naamini zile Jumatatu ziliwaandaa kwa hilo kuliko darasa lolote.

Monica Arac de Nyeko, mmoja wa wanachama wao, alikuwa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine, mwaka 2007, kwa hadithi "Jambula Tree". Hadithi hiyo haikutoka katika kitabu cha chama. Ilikuwamo katika mkusanyiko uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Sioni kwamba chama kilipunjwa. Meza inayofanya kazi yake sawasawa hutoa hadithi zinazoweza kukaa katika kitabu cha mtu yeyote.